Bonde Lisilopata Mahipi

Kila zama huwa na mtaa wake, ambao watu wa zama hizo wakishazeeka hulitaja jina lake kwa sauti ya chini, kama mtu atajaye jina la mchumba aliyemkosa. Kwa vijana wa Marekani wa miaka ya 1960 mtaa huo ulikuwa Haight-Ashbury, uliopata jina lake kutokana na njia mbili zinazokatana katika mji wa San Francisco. Katika kiangazi cha mwaka 1967 vijana wanaokadiriwa kufikia 100,000 walimiminika huko, nywele zimewafika mabegani, miguu pekupeku, maua kichwani. Walikuwa wameikataa vita ya Vietnam, wamezikataa kazi za baba zao, wameukataa utaratibu wa maisha unaomtoa mtu darasani ukampeleka ofisini, ukamtoa ofisini ukampeleka kaburini, bila ya kumuuliza hata siku moja kama ameridhika. Ulimwengu ukawaita mahipi, na jina hilo likavuka bahari.

Likafika hata Lamu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na katika miaka ya 1970 vijana wa namna hiyo, wengine wakiwa wamekwishapita India na Nepal, walishuka kwenye gati ya Lamu, wakapanga vyumba vya bei nafuu na kulala darini penye upepo. Ajabu yao haikuwa nywele tu. Walikuwa watoto wa nchi tajiri waliojivika umaskini kwa hiari, katika mji ambao maskini wake hawakuwahi kupewa hiari hiyo.

Arudiye leo Haight-Ashbury hukuta maduka yanayouza kumbukumbu: fulana za rangi zilizochovywa, picha za waimbaji waliokufa, na nyumba ambazo kijana asiye na fedha hawezi kupanga hata chumba kimoja. Arudiye Lamu huona kwamba nyumba nyingi za mawe, Shela hasa, zimepita mikononi mwa wageni wenye mali. Waliokuja kuikimbia fedha ndio walioionyesha njia. Kwa hiyo swali la wasafiri wa namna hii huwa lile lile kila mahali: je, roho ya mtaa ule ingalipo, au limebaki ganda?

Bonde la Kilombero halikupata mahipi. Halina ufuo wala magofu ya kupigia picha. Mvua za masika zilikuwa zikilikata na dunia kwa miezi, na mbu wake hawakuwa na simile na mgeni. Hata hivyo, atakaye kujua ni nini kinachobaki baada ya watu kujaribu kuishi kinyume cha mazoea ya dunia yao, pengine atajifunza zaidi Ifakara kuliko San Francisco. Kwa maana bonde hili lilipitiwa na karibu kila ndoto ya miaka ile, isipokuwa ile iliyovaa maua.

Bonde lenyewe limelala baina ya milima ya Udzungwa kwa upande mmoja na nyanda za juu za Mahenge kwa upande wa pili. Mto Kilombero huzaliwa pale Mnyera inapokutana na Ruhudji, mito iteremkayo kutoka nyanda za juu za kusini. Kisha hujiunga na Luwegu, na maungano yao ndiyo Rufiji. Wakati wa masika mto hutoka katika kingo zake ukalifanya bonde kuwa ziwa. Kiangazi hurudi nyuma, ukaacha majani mabichi na udongo mweusi. Mwaka 2002 eneo hilo la mafuriko, lenye ukubwa wa karibu hekta 800,000, liliandikishwa chini ya mkataba wa Ramsar unaohifadhi ardhi oevu za dunia; sheshe wengi kuliko mahali pengine popote duniani walikuwa wakiishi hapo. Wandamba walilijua bonde hili kwa mtumbwi na kwa jembe kabla ya kuwapo mkataba wowote, na kandokando yao wakaishi Wapogoro, Wambunga, Wabena na Wahehe.

Kukataa si jambo geni hapa. Mnamo Agosti 1905, katika majuma ya kwanza ya vita vya Maji Maji, kituo kidogo cha Wajerumani cha Ifakara kilivamiwa na kuangamizwa, na mwishoni mwa mwezi huo huo maelfu ya watu wakaishambulia boma ya Mahenge. Dawa iliyowapa ujasiri ilikuwa maji. Haikuzuia risasi, na njaa iliyofuata vita ikaua wengi kuliko risasi zenyewe. Lakini mtu wa bonde hili alikwishajifunza mapema mambo mawili kwa pamoja: kwamba inawezekana kusema hapana, na kwamba hapana ina gharama yake.

Ndoto ya kwanza ya zama mpya ililetwa na sayansi. Mwaka 1957 Rudolf Geigy, mkuu wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi iliyokuwa Basel, alifungua maabara Ifakara, jirani na hospitali ya misheni ya Mtakatifu Fransisko iliyoanzishwa na Wakapuchini. Mwaka 1961 kikafuata kituo cha kuwafundisha waganga wasaidizi. Vijana wa Ulaya wa kizazi kile kile cha mahipi walikuja kuishi hapa. Mahipi walikwenda Mashariki kutafuta nafsi zao; vijana wa Basel walikuja Ifakara kutafuta mbu. Kazi hiyo haikuimbiwa nyimbo, lakini ndiyo iliyodumu: maabara ile iligeuka hatua kwa hatua kuwa taasisi ya Kitanzania, na tangu mwaka 2008 inajulikana kama Taasisi ya Afya Ifakara.

Ndoto ya pili ilikuwa ya wenyeji. Miaka ya mwanzo ya uhuru, vikundi vya Umoja wa Vijana wa TANU sehemu mbalimbali za nchi viliingia porini kuanzisha vijiji vya kulima kwa pamoja. Vingi vilikufa msimu wa kwanza, kwani hamasa peke yake haipalilii shamba. Kile kilichopata sifa kuliko vyote hakikuwa ndani ya bonde, bali ng'ambo ya vilima vyake vya kusini. Njia iliyovuka mto hapo Ifakara, ikapita Lupiro na Malinyi, ikapanda Londo, huteremkia Namtumbo na kuelekea Songea. Katika nchi hiyo ya Songea kulikuwa na kijiji kiitwacho Litowa. Habari ya Litowa haina budi kusimuliwa, kwa sababu bila ya hiyo yaliyotokea baadaye Kilombero hayafahamiki.

Litowa kilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na vijana wa TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga. Jaribio la kwanza lilishindwa kwa njaa. Wakarudi tena, wakadumu. Waliungana na Mwingereza Ralph Ibbott, aliyekwisha kufanya kazi katika shamba la ushirika la St Faith's huko Rhodesia ya Kusini, naye akawa mshauri wao. Mwaka 1963 wakaunda Chama cha Maendeleo ya Ruvuma. Mambo yao yalikuwa mepesi kueleza na magumu kutenda: shamba ni la wote, mapato hugawanywa kwa kadiri ya kazi, na hakuna jambo linaloamuliwa isipokuwa katika mkutano wa wanakijiji wenyewe. Hakuna aliyelazimishwa kujiunga, wala aliyezuiwa kuondoka. Walikuwa na mashine ya kusaga na ya kupasua mbao, na shule yao, chini ya mwalimu Suleman Toroka, iliwafundisha watoto kusoma na kulima kwa heshima moja. Kufikia mwaka 1969 vijiji vilivyofuata mfano huo katika Ruvuma vilikuwa vipatavyo 17.

Hapa historia ilifanya mzaha wake. Mnamo Novemba 1967 kijana mmoja wa San Francisco, Jann Wenner, alitoa toleo la kwanza la gazeti la Rolling Stone, ambalo lilikuja kuwa sauti ya muziki na ukaidi wa kizazi chake, na baadaye likawa mali ya thamani kubwa. Dada yake, Kate Wenner, hakubaki San Francisco. Alikwenda kuishi Litowa, na mwaka 1970 kikachapishwa kitabu chake juu ya maisha ya huko, akakiita kwa maneno mawili ya Kiswahili: Shamba Letu. Watoto wa tumbo moja, katika miaka ile ile, walikwenda kuitafuta dunia nyingine kwa njia mbili: mmoja katika mji wa maua, mwingine katika kijiji cha majembe.

Wala njia hizo hazikuwa mbali kama zinavyoonekana. Katika Haight-Ashbury kulikuwa na kikundi kilichogawa chakula cha bure bustanini na kuwa na duka ambalo vitu vyake havikuuzwa. Kilijiita Diggers, yaani wachimbaji, jina walilolichukua kutoka kwa Waingereza maskini wa mwaka 1649 ambao, wakiongozwa na Gerrard Winstanley, walikwenda kulima ardhi ya wote juu ya kilima cha Surrey hadi walipofukuzwa. Kwa hiyo chini ya maua ya San Francisco palikuwa na kumbukumbu ya jembe. Wenye kulijua hilo walikuwa wachache. Kikundi hicho na wenzake ndio walioandaa tarehe 6 Oktoba 1967 mazishi ya mzaha katika mtaa wao, wakabeba jeneza na kumzika hipi. Walikuwa wameona kwamba magazeti na wafanyabiashara wamekwisha kumnunua.

Hipi aliuawa na soko. Litowa iliuawa na serikali.

Mwaka 1967 ulikuwa mwaka wa neema kwa kijiji kile. Februari likatoka Azimio la Arusha. Machi, Elimu ya Kujitegemea. Septemba, Ujamaa Vijijini. Katika maandishi hayo mwenye kuijua Litowa aliweza kuiona sura yake. Mwalimu Nyerere alisisitiza kwamba vijiji vya ujamaa haviwezi kujengwa kwa nguvu. Lakini viongozi wa chama mikoani hawakukiona kijiji kinachojiamulia mambo yake kuwa mfano. Walikiona kuwa dharau. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja Chama cha Maendeleo ya Ruvuma. Mali ikachukuliwa, walimu wakahamishwa, Ibbott akaondoka nchini. Mwalimu aliyekisifu hakukiokoa.

Mwaka huo huo wa 1969 unastahili kutazamwa vizuri. Siku yake ya kwanza, tarehe 1 Januari, ndiyo iliyowekwa na Umoja wa Vijana wa TANU kuanza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku Dar es Salaam sketi fupi, wigi, suruali za kubana na mafuta ya kujichubua. Miezi michache kabla, wasichana walikuwa wameshambuliwa Kariakoo kwa sababu ya mavazi yao. Novemba muziki wa soul nao ukapigwa marufuku katika mji huo. Baadaye, miaka ya 1970, zikaja suruali za bugaluu na viatu vya raizoni, navyo vikapata maadui zao. Ilisemwa kwamba mambo hayo ni ugeni unaoharibu utamaduni wa Mwafrika. Basi na Litowa je? Wale hawakuvaa wigi. Walivaa matope. Walifanya lile lile ambalo chama kilihubiri, nao wakavunjwa katika mwaka ule ule. Ndipo inapofahamika kwamba kosa la binti wa Kariakoo na kosa la mkulima wa Songea lilikuwa moja: kila mmoja alijichagulia namna ya kuishi kabla ya kuambiwa.

Baada ya hapo ndoto ikawa amri, na amri hiyo ikafika Kilombero kwa njia ya reli. Kazi ya kujenga reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilianza mwaka 1970. Maelfu ya Wachina walikuja wakati nchini kwao Mapinduzi ya Utamaduni yamepamba moto. Waliweka kambi na karakana Mang'ula, wakalima bustani za mboga, na kitu ambacho kilikumbukwa kwa muda mrefu na waliofanya kazi nao ni kwamba fundi mkuu wao alishika sururu kama kibarua. Kutoka Mlimba kwenda Makambako walitoboa milima kwa mahandaki na kuvuka makorongo kwa madaraja. Mwaka 1976 reli ikakabidhiwa. Wenyeji wakapata garimoshi dogo la kuunganisha stesheni za karibu, wakaliita Kipisi, wakalijaza kuku, mpunga na ndizi.

Novemba 1973 ilikwishatangazwa kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 kila mwananchi wa vijijini awe anaishi katika kijiji. Katika bonde, vijiji vilipangwa kandokando ya reli. Waliokuwa wametawanyika mbugani na vilimani, kila ukoo penye udongo wake, wakahamishwa na kupangwa kwa mistari. Ujamaa wa Litowa ulianza na watu wachache waliokubaliana. Ujamaa wa operesheni ulianza na orodha na lori. Neno lilikuwa lile lile. Na hivi ndivyo neno zuri linavyoweza kuchoka: si kwa kukataliwa na maadui, bali kwa kutumikishwa na marafiki.

Msafiri arudiye leo katika bonde hili hukuta barabara ya lami kutoka Kidatu hadi Ifakara. Kivuko cha mto, kilichozama Januari 2016, kimerithiwa na Daraja la Magufuli lenye urefu wa mita 384, na masika haikati tena Ulanga na Ifakara kama zamani. Kidatu ni nchi ya miwa. Kando yake kipo kijiji kinachoitwa hadi leo Msolwa Ujamaa, na wakulima wake hupeleka miwa kiwandani kama wenzao wa vijiji vingine. Mgeni asiyejua historia hulisoma jina hilo bila ya kusita, kama asomavyo jina la mtu. Mbele yake ni Mang'ula, chini ya msitu wa Udzungwa, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1992. Watalii hupanda kuyaona maporomoko ya Sanje, wachache wao wakijua kwamba njia waliyoijia ilikuwa ya watu wa sururu.

Mbele zaidi, Mngeta, yapo mashamba makubwa ya mpunga yaliyofunguliwa katika miaka ya 1980 kwa ubia na Korea ya Kaskazini. Ndoto hiyo ilipokwisha, wakulima wadogo waliingia na kulima. Kuanzia mwaka 2008 ikaja kampuni yenye mitaji ya Ulaya na Marekani kuchukua zaidi ya hekta 5,000, na kaya za wakulima wale zikahamishwa. Nayo katika muda wa miaka 11 hivi ikafilisika. Ujamaa wa Pyongyang na ubepari wa London walipanda mbegu moja katika udongo mmoja, na wote wawili wakaondoka. Mtu wa jembe la mkono ndiye asiyeondoka.

Basi roho ile iko wapi? Ukiitafuta katika majina, kama Msolwa, utapata jina. Ukiitafuta katika karakana, utapata kutu. Lakini iko desturi moja ambayo haikuandikwa katika azimio lolote. Kila mwaka, wakati wa kulima mpunga unapofika, familia nyingi za bonde huziacha nyumba zao za kijijini, zile zilizopangwa kwa mistari karibu na reli, barabara, shule na ofisi, zikaenda kukaa mbugani kwa miezi. Huko hujenga madungu: vibanda vya miti na majani, vingine vimeinuliwa juu ya nguzo ili maji yapite chini na mtu aone mbali. Hulima, hupalilia, huamia ndege, huvuna, na mavuno yakishaisha hurudi.

Anayekadiria kwa macho ya mpangaji wa mipango atasema huo ni uduni wa usafiri: shamba liko mbali, basi mkulima hulala shambani. Ni kweli, lakini si kweli yote. Operesheni ya miaka ya 1970 iliwaambia watu wa Kilombero kwamba maisha yao yako kandokando ya reli. Hawakuandamana. Hawakuandika waraka. Walikubali nyumba, wakapeleka watoto shule, wakahudhuria mikutano, na kila msimu ulipofika wakachukua sufuria, mkeka na jembe, wakaenda zao kule udongo ulikowaita. Kizazi kilichohamishwa kimezeeka, na wajukuu wake bado huondoka. Hiyo ndiyo hapana ya bonde hili.

Wala mbugani mtu haishi peke yake. Dungu huonana na dungu. Moto huombwa kwa jirani, chumvi hukopwa, na shamba lililoiva mapema huvunwa na mikono ya watu watatu wanne ambao kesho watavuna la mwenzao. Hakuna katibu wa kazi hiyo, wala daftari. Mvivu hutambulika kwa siku mbili na hafukuzwi. Huachwa tu avune peke yake, na hiyo humtosha. Litowa waliliandikia jambo hili katiba. Mbugani halikuwahi kuhitaji katiba, na pengine ndiyo sababu hakuna Kamati Kuu iliyoweza kulivunja.

Lakini itakuwa ni kosa la mahipi wenyewe kuyapamba maisha hayo maua ambayo hayanayo. Dungu si pepo. Kwelea kwelea wakishuka asubuhi moja hula kazi ya miezi mitatu, na watoto wa kuwaamia huwa ni wale waliopaswa kuwa darasani. Mwanamke hupanda mpunga, hupika, hunyonyesha na kuamia kwa mikono hiyo hiyo miwili. Na mbu wa mbugani ndio wale waliowaleta Waswisi. Watafiti wa Ifakara, walioanza mwaka 1997 kusambaza katika Kilombero na Ulanga vyandarua vilivyoitwa Zuia Mbu, waliwafuata wakulima hadi mashambani katika miaka ya 2000, wakakuta jambo la kutia moyo: karibu kila dungu lilikuwa na chandarua. Watu waliiacha nyumba ya bati kijijini, wakaiacha zahanati umbali wa saa nyingi kwa miguu, lakini neti waliikunja wakaibeba. Hawakuikataa sayansi kwa kuwa ni ya wageni, wala hawakuipokea amri kwa kuwa ni ya wenyewe. Walichagua. Kijana wa bugaluu hakudai zaidi ya hapo.

Na uhuru huo una mipaka inayozidi kubana. Wafugaji wa Kisukuma na wengineo walilifuata bonde kwa malisho, nao wakiwa na hapana yao dhidi ya ukame na amri za kwao. Mwishoni mwa mwaka 2012 operesheni nyingine ikawaondoa wengi pamoja na mifugo yao kwa sababu ya kuihifadhi ardhi oevu. Miwa inapanuka kutoka upande mmoja, mipaka ya hifadhi inasogea kutoka upande wa pili. Mkulima anayehama kwa msimu hana ukuta wala uzio wa kuonyesha kwamba mahali ni pake. Alama yake ni mti wa mwembe au kichuguu kinachojulikana na majirani. Desturi iliyoishinda operesheni ya mwaka 1974 huenda ikashindwa na ramani. Walioishi Haight-Ashbury walifukuzwa na kodi ya nyumba. Hatari ya bonde hili ni kwamba mtu atafukuzwa mahali ambapo, kwa karatasi, hakuwahi kuwapo.

Kule Songea, katika vijiji 17 vya Ruvuma, kimoja hakikutii mwisho wake. Matetereka kiliendelea kulima kwa pamoja baada ya mwaka 1969, bila ya chama mama na bila ya sifa. Viongozi walipokutana Zanzibar mwaka 1991 na kulilegeza Azimio la Arusha, watu wa Matetereka walikuwa bado wanagawana mavuno ya shamba la pamoja. Mwaka 1998 utafiti uliochapishwa Edinburgh ulikiita kijiji cha mwisho cha ujamaa Tanzania. Ulikuwa umetimu mwaka wa 29 tangu jambo hilo litangazwe kuwa halipo.

Mbugani Kilombero hakuna mtafiti aliyewaita watu wa mwisho wala wa kwanza. Maji yanapopungua, mwenye shamba huja kwa mtumbwi au kwa mguu, hukitafuta kichuguu chake kwa macho, akikiona hutua mzigo. Kabla ya kukata miti ya dungu huita kwanza, sauti ikapita juu ya matete, asikie ni nani aliyetangulia kufika mwaka huu.